Neno Lililosikika Ukutani

Shuleni, tarehe 8 Machi 1987

Shangazi mpendwa,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Cuiping anayelala kitanda cha juu yangu, na naona nikitanguliza salamu nitaishiwa na ujasiri kabla sijalifikia. Nikiwa ukutani, kichwa chini miguu juu, huwa ninasoma.

Sasa salamu. Bibi hajambo, ila mguu wake bado unamsumbua kwa baridi hii. Baba amekijenga upya kitanda cha matofali kinachopashwa moto kwa chini, na safari hii moshi unatokea unakotakiwa kutokea. Mama anauliza kama kifundo chako cha mkono wa kulia bado kinauma mvua ikikaribia. Nilipokuwa nyumbani kwa Mwaka Mpya, kila jirani aliyenikuta nikifanya mazoezi alinikumbusha kwamba ungekuwa mtu mkubwa wa sarakasi kama kifundo kile kisingevunjika. Kabichi tulizozika ardhini kwa ajili ya baridi zimetosha mpaka sasa.

Nirudi kwenye jambo langu. Unajua Mwalimu Bian anavyopima. Anawasha kijiti cha udi, anakichomeka kwenye bakuli la mchanga nyuma yetu tusikione, na sisi tunapanda ukutani kwa mikono. Kijiti kizima kinachukua dakika ishirini na tano. Siku ya upepo kinawahi kuisha, kwa hiyo sisi sote tunaupenda upepo na yeye anapenda kufunga madirisha. Hakuna anayeruhusiwa kusema. Ikisikika sauti ya mtu, hata ya kuuliza bado kiasi gani, anazima kijiti na kuwasha kingine, na safu nzima inaanza upya.

Tarehe 30 Mei ni mtihani wa kijiti kizima. Tuko kumi na watatu. Asiyemaliza anafunga virago.

Mimi si mtu wa nguvu. Cuiping anabeba ndoo mbili za maji huku anaimba. Mimi nabeba moja na kupumzika njiani. Oktoba nilianza na dakika tatu. Nilipofika saba nikakwama wiki tatu nzima. Kwanza vifundo vya mikono vinawaka, kisha mabega yanatetemeka, kisha macho yanajaa damu mpaka unayasikia yakipiga kama moyo. Halafu inakuja ile hali ambayo haina mahali mwilini, inayosema tu: shuka, shuka. Siku moja ukurasa wa kitabu cha jiografia uliochomoka uliniponyoka kifuani, ukaangukia sakafuni katikati ya viganja vyangu. Ulikuwa unaeleza mito. Nikausoma, nikaurudia, nikafika pale mito miwili inapokutana, na Mwalimu akasema tushuke. Ilikuwa dakika ya tisa.

Tangu siku hiyo nanakili kurasa kwenye karatasi nyepesi, kwa herufi kubwa, ninaificha kwenye mkono wa shati na kuiweka chini kabla sijapanda. Jasho la pua linadondokea wino, kwa hiyo nimejifunza kuanza na mistari ya katikati. Sasa nimefika dakika kumi na tisa.

Nakuuliza wewe kwa sababu katika ukoo wetu ni wewe tu uliyewahi kusimama kwenye ukuta huu. Je, ninadanganya? Mikono ni yangu na mabega ni yangu. Lakini mbona naficha? Na wewe ulikuwa unafikiria nini kule juu? Mwalimu Bian alituambia aliingia shule hii mwaka 1957, ilipokuwa bado kikundi tu cha sarakasi chenye ua mmoja. Lazima mlikuwa pamoja. Unamkumbuka?

Mtoto wa kaka yako,
Yaqin


Shijiazhuang, tarehe 2 Aprili 1987

Mwanangu Yaqin,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kiwandani wameniongezea mitambo minne ya kufuma, na nikirudi nyumbani masikio yanaendelea kuvuma kama bado niko kazini. Mjomba wako anakohoa lakini hataki kwenda kwa daktari. Binti yangu, dada yako mdogo, amepata alama nzuri za hesabu na sasa haambiliki. Juzi nilibeba gunia la unga kutoka kituoni mpaka ghorofa ya nne kwa mkono wa kulia, kwa sababu wa kushoto ulikuwa na mwavuli, na majirani walisimama ngazini kunicheka badala ya kunisaidia.

Mwambie Bibi akande mguu kwa maji ya tangawizi, na asimsikilize baba yako.

Kuhusu mikono. Kabla ya kupanda, loweka vifundo kwenye maji moto, kisha vizungushe mpaka uhisi vimelainika kama unga uliokandwa vizuri. Ukiwa juu usiukalie mkono. Isukume sakafu kama mtu anayekataa kitu, mabega yapande mpaka masikioni. Uzito ukirudi nyuma kwenye kiganja, ubebe kwa vidole. Pumua kidogo kidogo, kwa juu. Na usipande kijiti kirefu kila siku. Siku moja panda mara nne kwa muda mfupi, siku ya pili panda mara moja kwa muda mrefu, siku ya tatu uyaache mabega. Watu wengi wanaharibikiwa kwa kuona aibu kupumzika.

Umeuliza kama unadanganya. Mikono yako ilikuwa sakafuni? Miguu yako ilikuwa juu? Basi.

Nimekutumia vitambaa vya kufungia vifundo. Ni mabaki ya kiwandani, lakini ni pamba nzuri. Kule shuleni hakuna haja ya kunitaja kwa mtu yeyote.

Shangazi yako,
Guizhen


Shuleni, tarehe 24 Aprili 1987

Shangazi mpendwa,

Natumaini Mjomba amepona kikohozi. Bibi anatumia tangawizi na anasema mguu umepata nafuu, ingawa Baba anasema ungepata nafuu hata hivyo kwa sababu baridi imekwisha. Vitambaa vimefika. Asante. Nimevivaa sasa hivi ninapoandika, na mwandiko ukiwa mbaya sababu si vitambaa. Sababu ni hasira.

Jumanne Mwalimu Bian aliiona karatasi.

Tulikuwa juu kama dakika kumi na tano hivi. Niliona viatu vyake vikija vikasimama mbele ya uso wangu, kisha mkono ukashuka ukaichukua karatasi katikati ya viganja vyangu. Akaisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio, kuhusu mto unaoanzia magharibi na kubeba udongo wa manjano mpaka baharini. Watu kumi na mmoja walikuwa wanajizuia kucheka huku wako kichwa chini, na Cuiping ndiye pekee aliyeshindwa.

“Kumbe tunaye profesa,” akasema. “Haya, Profesa, mto huu unakwenda wapi?”

Fikiria, Shangazi. Nikijibu nimesema ukutani, na safu nzima inaanza upya. Nisipojibu nimemdharau mwalimu. Nikanyamaza. Akasema hata mto wenyewe siujui, akaichana karatasi vipande vinne, na bado akakizima kijiti na kuwasha kipya. Alisema maandishi ni maneno, na maneno ukutani ni marufuku, kwa hiyo nilikuwa nimesema muda wote. Wote walianza upya kwa ajili yangu. Wawili walianguka kabla ya dakika ya tano. Cuiping alishuka pua inatoka damu.

Kwa siku mbili hakuna aliyenipisha mezani. Siku ya tatu Cuiping alikaa kando yangu, akachukua mkate wangu wa mvuke, akaula wote, kisha akaniambia, “Ungenipa na mimi hata nusu ya karatasi. Mchoyo wee.” Kwa hiyo tumepatana. Lakini na Mwalimu sijapatana, wala sitaki.

Ameamuru kwamba siku ya mtihani nifungwe kitambaa machoni. Mimi peke yangu. Kumi na wawili watapanda macho wazi. Nimeyafikiria kwa makini, kama vile ninavyofanya hesabu, nikianza na upande wake ili nisimwonee. Hakuna kanuni inayokataza kutazama sakafu. Yeye mwenyewe hutuambia tutazame sakafuni. Kama ninatazama sakafu na sakafu ina kitu, nimevunja nini? Najua shule hii imejaa watu wenye nguvu kuliko mimi, na sijaomba kijiti kifupi. Nimepata njia ya kukaa juu bila kushuka, na yeye anaona njia hiyo ni kosa kwa kuwa hainiumizi vya kutosha.

Hilo si baya zaidi. Baya zaidi ni alichosema akiondoka, na kila mtu akasikia. Alisema, “Damu haipotei. Shangazi yake naye alikuwa na mdomo. Muulize ulimfikisha wapi.”

Shangazi, wewe ulivunjika kifundo. Mdomo unahusikaje na kifundo? Nilitaka kumwambia hivyo na ulimi ukanigoma, kama kawaida yangu. Kisha usiku ule nikaisoma tena barua yako, mahali unapobeba gunia la unga ghorofa nne kwa mkono wa kulia.

Sikuulizi ili nikuaibishe. Lakini kila siku naambiwa mimi ni mdanganyifu, na ningependa kujua nani katika jambo hili amesema kweli.

Yaqin


Shijiazhuang, tarehe 29 Aprili 1987

Yaqin,

Kifundo changu hakijawahi kuvunjika.

Niliipokea barua yako jana langoni mwa kiwanda, na nimeomba ruhusa leo kwa kusema ninaumwa. Miaka kumi na minane sijawahi kuomba ruhusa. Salamu utanisamehe.

Bian alikuwa upande wangu wa kushoto ukutani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, yeye kumi na minne. Mabega alikuwa nayo kuliko sisi sote, lakini kila ikifika dakika ya kumi alianza kulia. Hakutoa sauti. Machozi yalimteremkia kwenye paji la uso na kuingia kwenye nywele, na mimi nilijua ataanguka. Nilimwonea huruma. Nikaanza kumsimulia hadithi ya mbweha aliyefungua duka la tambi mjini na hajui aufiche wapi mkia. Sikuwa ninasema, nilikuwa ninapumua tu maneno, kidogo kuliko mnong'ono. Kila siku kipande. Majira yale yote ya baridi mbweha aliuficha mkia ndani ya mtungi, ndani ya gunia, ndani ya kofia ya askari. Na Bian akakaa juu. Unanielewa? Alikaa juu kwa maneno yangu.

Siku ya mtihani tulikuwa ishirini na mmoja. Kijiti kilikuwa kimebaki upana wa ukucha; hilo niliambiwa baadaye. Nilinyamaza kidogo nipumue. Naye, kwa sauti yake nzima, kama mtu aliyeketi jikoni, akauliza: “Halafu?”

Wote walisikia. Fundi Luo, mzee aliyetufundisha, akasema aliyefungua mdomo ashuke, la sivyo wote waanze kijiti kipya. Hakuna aliyesema. Watoto walikuwa wanatetemeka mpaka ukuta unatoa chokaa. Akarudia mara ya pili. Ndipo Bian akasema, “Ni Guizhen.”

Utaniuliza kwa nini nilishuka. Nimejiuliza miaka ishirini na tisa. Nilishuka kwa sababu niliamini ni kweli. Nilikuwa nimesema majira yote ya baridi, yeye hakusema chochote. Nilifika getini na mzigo wangu kabla sijatambua kwamba neno pekee lililosikika siku ile halikuwa langu.

Nilisimama darajani nikachana shati la ndani, nikajifunga kifundo. Sikuweza kumwambia babu yako kwamba nimefukuzwa kwa kuropoka. Alichinja kuku wa mayai, wa pekee tuliyekuwa naye, nipate supu ya kuunga mfupa. Niliinywa yote.

Na sasa mtu huyu anachana karatasi yako. Anasema maneno ukutani ni marufuku. Anakufunga macho, yeye! Nimetoboa ukurasa huu mara mbili kwa kalamu, uone mwenyewe.

Nisikilize. Usiseme lolote kwake. Usinitaje. Mimi nina kazi, nina mtoto, na mama yangu anaamini kifundo. Wewe maliza kijiti chako tu. Kuanzia kesho jifunge macho mwenyewe kwenye mazoezi, kwa sababu bila macho mwili unayumba na hutajua unayumbia wapi. Utajua kwa vidole. Wiki ya kwanza mara nne za dakika tano. Wiki ya pili mara mbili za kumi. Kisha moja ya ishirini kila baada ya siku mbili. Usijaribu kijiti kizima kabla ya siku yenyewe. Na maneno uyaweke ndani. Humo hawezi kuyachana.

Guizhen


Shuleni, tarehe 31 Mei 1987

Shangazi mpendwa,

Bibi hajambo kabisa na ameanza kulima bustani. Baba na Mama hawajambo. Natumaini kiwandani hawakukukata mshahara wa siku ile. Nilikaa na barua yako karibu mwezi mzima bila kuijibu, kwa sababu kila nilipoanza kuandika nilijikuta naahidi jambo nisilotaka kuliahidi. Sasa naweza kuandika. Sikukutii.

Mazoezi niliyafanya kama ulivyosema. Cuiping alinihesabia. Siku ya kwanza na kitambaa machoni nilianguka dakika ya pili, nikamwangukia yeye, na akasema akitaka kuuawa atachagua mtu mnene zaidi. Wiki ya tatu nilifika ishirini. Vidole vilijifunza, kama ulivyosema.

Jana madirisha yalifungwa yote. Walikuja wageni kutoka wilayani, wazee watano kwenye viti, na wazazi wa wenzangu nyuma yao. Mwalimu Bian alinifunga macho kwa mkono wake mwenyewe na kuvuta fundo mpaka likauma. Tukapanda.

Nilitaka kuisoma mito kichwani, lakini sikuiona. Nikamchukua mbweha wako. Kwa kuwa hukuniambia aliishia wapi, ilibidi nimwendeshee duka. Mtu wa kwanza alianguka mapema. Wa pili alianguka kulia kwangu, nikahisi sakafu inaruka chini ya viganja, nikakaza vidole. Baadaye mabega yalitetemeka, kisha ile hali isiyo na mahali ikaja na ikakaa muda mrefu. Sikuipinga. Nilikuwa na wateja wanaosubiri tambi. Siwezi kukuambia nilikaa juu kiasi gani, maana sikujua, mpaka niliposikia, “Shukeni.”

Tulibaki tisa. Cuiping yumo. Mwalimu alifungua daftari la wanafunzi mbele ya wageni, akaita majina na kuandika. Alipofika kwangu alisema, “Dou Yaqin, amemaliza,” bila kuniinulia uso, akaandika.

Nilipaswa kuinama na kurudi nyuma. Unanijua, Shangazi, mimi siwezi hata kuomba niongezewe uji. Lakini kitambaa kilikuwa kimeniachia alama machoni, nikakumbuka supu ya kuku uliyoinywa yote, nikaona kwamba nikinyamaza nitakuwa nimekusaidia kumeza kijiko kingine.

Nikasema, “Mwalimu, mwaka 1958, kwenye ukuta huu, ni nani aliyesema ‘Halafu?’”

Mgeni mmoja alitabasamu, nadhani alidhani ni sehemu ya mtihani. Cuiping alinivuta shati. Mwalimu Bian alikuwa na kalamu mkononi, na kwanza alinitazama kama mtu ambaye hajasikia vizuri, kisha kama mtu aliyesikia.

Akaniuliza kwa sauti ndogo kama najua adhabu ya kumhoji mwalimu mbele ya wageni. Nilimwambia naijua, jina linakatwa daftarini.

“Na bado unauliza?”

“Bado nauliza.”

Sikuwa jasiri, usidhani. Alichovya kalamu kwenye wino, akaishikilia juu ya jina langu. Ilidondosha tone kando yake. Kisha akaiweka chini.

“Ni mimi,” akasema. “Niliyesema ni mimi. Aliyeshuka ni mwingine.”

Wageni walitazamana. Yeye akaendelea na jina lililofuata kana kwamba amesoma tangazo la chakula. Hakusema anasikitika. Hakulitaja jina lako. Nilikuwa nimedhani kwamba kweli ikisemwa hasira yangu itatulia, nayo haikutulia. Miaka ishirini na tisa, na anailipa kwa maneno machache mbele ya watu wasiojua yanamhusu nani. Kama karatasi yangu ya jiografia ni marufuku kiasi cha kuchanwa mbele ya wote, basi na hili liandikwe mahali.

Kwa hiyo wageni walipoondoka nilikwenda kwa mlinzi wa ghala, nikaomba ufunguo. Aliniuliza nani amenituma, nikamwambia hakuna. Akanipa. Madaftari ya zamani yalikuwa kwenye sanduku chini ya ngoma za maonyesho. La mwaka 1958 lilikuwa na jalada la kitambaa. Jina lako limekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, na pembeni yake Fundi Luo ameandika neno moja: “Aliongea.”

Nilimkuta Mwalimu Bian ofisini anakunywa chai. Nililiweka daftari mbele yake, nimelifungua ukurasa huo, na chupa ya wino kando yake. Alisoma. Aliniambia nitoke. Sikutoka. Nilisimama pale, mikono nyuma, kama tunavyosimama tukisubiri kijiti kiwashwe. Chai ilipoa. Alichukua kalamu, akaandika chini ya neno la Fundi Luo: “Neno lililosikika lilikuwa langu.” Akatia sahihi na tarehe ya jana.

Niliupuliza wino mpaka ukakauka, nikalirudisha daftari sandukuni, nikarudisha ufunguo, kisha nikaenda kula.

Yaqin